Usiulize namba, tazama wastani umeelekea wapi

Juzi kijana mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Kaka, naomba unitajie muvingi avareji ya uhakika. Ni 20, 50 au 200?" Muvingi avareji ni mstari wa wastani wa bei zilizopita unaochorwa kwenye chati. Akaambatanisha picha ya chati yake ya dakika tano, mistari ya kila rangi imepishana mpaka mishumaa, zile alama zinazoonyesha bei, haionekani. Nimeshamjibu, lakini swali hili naulizwa mno, acha niliweke hapa.

Namba haina uchawi. Wastani wa siku 20 ni bei za kufunga za siku 20 zimejumlishwa, zikagawanywa kwa 20. Ule wa eksiponensho, unaozipa bei za karibuni uzito zaidi, unaipa bei ya leo uzito wa karibu asilimia 9.5 badala ya 5, ndiyo maana unageuka mapema. Aina zote mbili zinahesabu yaliyokwisha kutokea. S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilifika chini kabisa tarehe 23 Machi 2020. Wastani wa siku 50 ulikuja kushuka chini ya ule wa siku 200 wiki moja baadaye, soko limeshaanza kupanda. Aliyeyasubiri makutano yale ndipo auze, aliuza chini.

Mimi kilichonilisha ni mwinamo. Mwaka 2022 bei ya euro kwa dola ilikuwa chini ya wastani wa siku 200, na wastani wenyewe umeinama kuelekea chini. Nikaamua nauza tu, yaani nafaidika bei ikishuka, sinunui. Kwenye kundi nililokuwa nalipia signo, yaani maelekezo ya lini kununua na kuuza, nilisema hivyo, nikachekwa, kiongozi akaniambia euro imeshakuwa rahisi mno haiwezi kushuka tena, kisha akaniondoa. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu wenzangu waliobaki mle waliendelea kununua.

Julai euro ikawa sawa na dola kwa mara ya kwanza baada ya takriban miaka 20. Mwanzoni mwa Agosti ikapanda hadi 1.03 na ushee, ikaugusa wastani wa siku 50. Hapo ndipo nilipokuwa naisubiri. Mshumaa wa siku ile uliacha utambi mrefu juu, yaani bei ilipanda kisha ikarudi, nikauza, stopu losi, agizo la kufunga biashara hasara ikifika kiwango fulani, nikaiweka juu ya utambi. Kabla ya mwezi kwisha bei ilikuwa chini ya 1.00, na Septemba ikafika 0.95. Najivunia biashara ile kuliko zote, maana niliifanya peke yangu.

Mwaka 2023 hali ikawa nyingine. Euro ilizunguka kati ya 1.04 na 1.13, mistari ikakatana huku na huku, na kila makutano yalikuwa mtego kwa wanaoyafuata. Wastani ukilala hivyo hakuna trendi, yaani mwelekeo wa bei, ya kufuata, hata ubadilishe namba mara ngapi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, futa mistari yote ubaki na miwili, 50 na 200, kwenye chati ya siku. Tazama kwanza mwinamo. Ukishuka, uza bei inaporudi juu kugusa 50. Ukipanda, nunua inaporudi chini. Stopu losi iwepo kila mara, na usihatarishe zaidi ya asilimia 1 ya akaunti. Tuache kununua maamuzi ya watu wengine kwa ada ya mwezi. Hesabu hii iko kwenye kila programu ya chati, bure, na mistari ikilala, funga kompyuta uende kwenye shughuli zako nyingine.