Pesa za mpaka ziende wapi? Jibu la mchuuzi wa Kibuye

Aliyeanzisha mjadala huu mtandaoni ameuliza kama Kenya nayo imwage mabilioni kwenye uzio na askari wa mpakani, ama ianze na sheria za kuingia na kutoka. Ametoa mfano wa Marekani, ambako baadhi ya ofisi za serikali zilifungwa siku 35, Desemba 2018 hadi Januari 2019, Trump aking'ang'ania dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani. Ya Marekani mimi nayaona kwa simu tu. Ya Busia, mpakani na Uganda, nayajua kwa miguu.

Nauza mananasi na ndizi soko la Kibuye, Kisumu, na mzigo naufuata Uganda tangu 2011. Wakati huo uligongewa muhuri upande wetu, ukavuka na jua lako kichwani, ukapanga foleni nyingine kule. Kwa hivyo wengi tulipitia njia za panya. Kijana wa boda anavua jaketi, analifunga juu ya namba ya pikipiki, ananiambia, "Mathe, shika kikapu, hatusimami." Tunakata katikati ya mihogo ya watu hadi kwenye kamba iliyofungwa mti kwa mti. Chini yake ameketi jamaa asiye na sare. Unamwekea hamsini kiganjani, kamba inashuka. Siku moja nilikuwa na noti ya mia mbili tu, akasema hana chenji, nitaikuta wiki ijayo. Wiki ijayo pia hakuwa nayo.

Kilichonitoa huko ni kitambulisho. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho tu. Halafu 2018 kikazinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha Busia: unasimama mara moja, upande ule unaoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Na kuna cheti chepesi cha asili ya bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachoonyesha mzigo umetoka nchi za Jumuiya ili usitozwe ushuru wa forodha, kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ulio kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa. Unajaziwa pale pale mpakani, huhitaji ajenti. Mimi nilimlipa broka muda mrefu kabla mama mmoja wa mayai hajanionyesha dirisha lenyewe. Bado linaniuma.

Wanaosema bangi, ethanoli na silaha hupitia vichakani wanasema kweli. Lakini kama kina mama wote wa mayai na nyanya nao wamo kwenye mihogo ile ile, askari atamjuaje anayemtafuta? Tutoe sisi tuje getini, atakayebaki kichakani atajieleza.

Tuliona kinyume chake 2020. Korona ilipoingia, mpaka ukafungiwa watu, yakaruhusiwa malori pekee, na foleni ya malori Malaba, kivuko kingine cha kwenda Uganda, ikafika makumi ya kilomita. Sisi wadogo tulirudi kwenye kamba, na bei ikawa mia mbili. Askari walikuwa wameongezwa, tena wengi.

Uzio ndio sitaki hata kuusikia. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso vivyo hivyo. Mtu analala huku, shamba la shangazi liko kule. Hii Kisumu yenyewe ilihesabiwa Uganda hadi 1902.

Mimi ningepewa hizo pesa, ningeziweka kwenye vivuko vidogo: meza, afisa mwenye sare na kitabu cha risiti, taa ya usiku, choo cha wanawake. Mtu wa kijiji kilicho mbali na geti hawezi kulipa boda kwenda na kurudi ili kuku wake watatu wakaandikwe. Na lile dirisha la cheti liandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, mahali broka hawezi kuliziba kwa mgongo wake.

Juzi nilimsindikiza mgeni karibu na ile mihogo. Kamba bado ipo. Wamebadilisha, sasa ni ya nailoni, ya kijani.