Kunguni wa chumba namba 204

Wiki iliyopita dada mmoja wa mapokezi ya hoteli huko Kiwengwa, Unguja, kanitumia picha ya barua pepe, anauliza: "Hii ya kweli au ya wezi?" Nilicheka peke yangu. Ni ile ile iliyonigombanisha na tajiri wangu msimu uliopita, kunguni wale wale.

Yangu ilikuja Agosti, nyumba yetu ya wageni imejaa. Juu limeandikwa jina la mtandao unaotuletea wageni, nembo yake ipo, Kiingereza kimenyooka. Mgeni kalalamika kuwa chumba namba 204 kina kunguni, na tusipojibu ndani ya saa 24 tangazo letu linaondolewa. Chini kuna kitufe cha buluu cha kutazama picha. Tajiri akahamanika: "Bonyeza basi, unangoja nini? Utatufungia biashara!" Sikubonyeza. Vyumba vyetu havina namba. Kimoja Karafuu, chengine Mdalasini, chengine Hiliki. Nikaambiwa mbele ya wapishi kuwa najifanya mjuaji. Neno hilo bado linaniuma, sitaki kusema uongo.

Lakini msitegemee kosa la namba. Majina ya vyumba yako mtandaoni, kesho watayatumia. Tazameni anwani. Jina la mtumaji mtu yeyote anajiandikia alitakalo. Libonyeze, anwani yenyewe itajitokeza. Linki nayo, kwenye simu, ishikilie kidole bila kuachia mpaka uone inakokwenda. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya https:// kisha soma kilicho kushoto kwake, maana mwenye ukurasa yuko mwisho hapo, si mwanzo. Jina la kampuni unayoijua likitangulia, halafu likafuatwa na nukta na maneno mengine usiyoyajua, basi mwenyewe ni hayo maneno.

Huyu dada alikwenda mbele zaidi. Aliifungua linki, akakuta ukurasa wa "thibitisha wewe si roboti" unaomtaka abonyeze kwenye kibodi Windows na R (hufungua kisanduku cha kuiamrisha kompyuta), kisha Ctrl na V (kubandika), kisha Enter. Akasita, ndipo akaniandikia. Allah kamnusuru. Machi 2025 Microsoft waliieleza mbinu hiyo hiyo: tangu Desemba 2024 wezi walikuwa wakiwaandikia wafanyakazi wa hoteli wakijifanya Booking.com, mtandao wa kuwekea vyumba. Ukurasa unakuwa umeshanakili amri kimya kimya. Wewe mwenyewe, kwa vidole vyako, unaibandika na kuiendesha, na programu inayoingia inakomba maneno ya siri. Wakishaishika akaunti, huwaandikia wageni wako kwa jina lako, wakidai kadi zao zithibitishwe upya. Ukaguzi wa kweli wa roboti hauna haja ya Windows na R. Hata siku moja.

Jamani, watu wa mapokezi, sisi tumefunzwa kuogopa malalamiko kuliko tunavyomuogopa mwizi, na wao wanalijua hilo. Tulizoea kuzicheka meseji za "ile pesa tuma kwa namba hii" tukajiona wajanja. Ile ilikuwa ya kubahatisha, hii inaijua kazi yako na inajua saa ngapi umechoka. Ukiharakishwa, simama. Fungua mwenyewe programu ya mtandao unaokuletea wageni, au andika anwani yake kwa mkono. Malalamiko kama yapo, utayakuta humo. Mimi nilifanya hivyo mbele ya tajiri, hapakuwa na kunguni wala mgeni. Akanyamaza, akaenda zake sokoni. Radhi sijaombwa mpaka leo.

Na aliyekwisha kubonyeza asione haya. Kata intaneti kwenye kompyuta hiyo, badilisha maneno ya siri kwa kutumia kifaa chengine, wapigie mtandao wa wageni, si kwa namba iliyomo kwenye barua hiyo, na waonye wageni wanaokuja wasimpe mtu namba ya kadi. Polisi pia nenda. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafika mpaka huku kwetu Zanzibar. Yote hayo yafanye usiku huo huo, usingoje tajiri arudi kutoka mjini.