Kufuli la henza: jua kulifungua kwanza

Mwambie baharia wa ngalawa wa Nungwi kwamba kwa kufuli la henza tanga linaning'inizwa ncha ya mlingoti likabaki huko, na henza, yaani kamba ya kupandishia tanga, haikufungwa chini wala haina mtu aliyeishika. Atakuuliza jambo moja tu: dhoruba ikikukuta, unalituaje? Ana haki ya kuuliza. Kwenye ngalawa henza hufungwa namna ya kufunguka kwa mvuto mmoja, foromali (mti unaobeba tanga) ije chini papo hapo. Kwa hiyo usitie kufuli kwenye ngalawa. Kifaa hiki ni cha dingi (mashua ndogo za tanga) na katamarani ndogo (vyombo vya viwiliwili viwili) za ufukweni, na hata huko swali la yule baharia ndilo la kuanzia.

Faida yake ni hesabu. Tuseme ukingo wa tanga unavuta henza kwa kilo 80. Henza ikipanda, ikazunguka roda (kapi) ya juu na kurudi kufungwa chini, kila upande wa roda unavuta kilo 80, na mlingoti unagandamizwa kwa kilo 160. Tanga likishikwa na kufuli palepale juu, zinabaki 80. Tena kuna kunyumbuka kwa kamba: henza ya mita 6 ikirefuka kwa asilimia 1 tu, tanga limeteremka sentimita 6. Mikunjo inajipanga kwenye ukingo wa mlingotini, tumbo la tanga linarudi nyuma, na chombo kinalala ubavu badala ya kwenda mbele. Wakati wa kusi utaliona hilo mapema, kabla hata hujaufikia mwamba.

Ziko aina kadhaa. Katamarani kama Hobie 16 zina kulabu kwenye ncha ya mlingoti. Nyingine zina uma: kwenye henza kuna gololi, kamba inaingia katikati ya meno ya uma na gololi inanaswa na meno hayo. Dingi za aina ya 420 huwa na meno chini ya mlingoti, ambapo kitanzi cha waya cha henza hunaswa. Meno haya ya chini yanaondoa kunyumbuka kwa kamba lakini hayapunguzi mgandamizo, maana henza bado inarudi chini.

Tuzungumze zaidi juu ya uma na gololi, kwa sababu ndio mafundi wetu wanaweza kuutengeneza na ndio unaokwama sana. Kwa kamba ya milimita 4, nafasi ya uma iwe milimita 5, na gololi isipungue milimita 10. Nafasi ikiwa pana, gololi inajipenyeza kidogo kidogo mpaka inabanwa kama kizibo. Kipimo kinachosahaulika ni kile cha juu ya uma. Gololi ikishakaa, lazima kuwe na sentimita 2 au 3 za kupanda zaidi kabla tanga au fundo halijagota kwenye roda. Kufuli hufunguka kwa kunyanyuliwa. Likikosa pa kunyanyukia, halifunguki. Mara nyingi kosa linaingia siku mtu anapobadilisha shakeli (pingu ya chuma) ya kichwa cha tanga, au anapofunga fundo nene badala ya shakeli. Zile sentimita mbili zimeliwa, na kwa chini huoni kitu.

Kupandisha: elekeza omo (mbele ya chombo) kwenye upepo, legeza demani (kamba ya kuongozea tanga) yote, na kamba ya kuvutia tanga chini iachie kabisa. Vuta henza mpaka ifike mwisho, isogeze kuelekea mlingoti, kisha iteremshe taratibu hadi uhisi imeshika. Usiamini mkono peke yake. Tia alama ya rangi kwenye henza pale inapotokea mlingotini tanga likiwa limefungwa sawasawa, halafu vuta ukingo wa tanga kwa nguvu kuelekea chini. Likishuka hata kidogo, gololi haikuingia. Baada ya hapo mkazo wa ukingo unaupata kwa ile kamba ya chini, si kwa henza.

Kushusha ni kinyume chake, na hapa ndipo watu wanapong'ang'ana: wanavuta henza ilhali kamba ya chini bado imekazwa. Unashindana na nafsi yako. Ilegeze, tikisa tanga ili ukingo wake ulegee kwenye mfereji wa mlingoti (mtaro unaopita ukingo huo), nyanyua henza zile sentimita mbili, ipeleke mbele mbali na mlingoti, kisha mwenzako avute tanga chini. Fanyeni hivi ufukweni mara kumi kabla ya kwenda mbali. Kumi si nyingi.

Jambo jengine: kufuli lina kimo kimoja. Ukitaka kupunguza tanga kaskazi ikichafuka, utahitaji gololi ya pili kwenye henza, au uende na tanga dogo tangu asubuhi.

Chumvi na mchanga wetu mweupe ni adui wa kila siku. Usipake grisi. Mchanga unaganda nayo na kuwa msasa. Sugua mshumaa mkavu kwenye mfereji wa mlingoti, na uma uoshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Maji ya visima vingi vya karibu na ufukwe wa mashariki yana chumvi, kwa hivyo tumia ya bomba au ya mvua. Uma wa stenlesi ukikaa juu ya mlingoti wa alumini bila kitu katikati, alumini inaliwa na ribiti zinalegea. Weka kipande chembamba cha plastiki.

Likikwama baharini, achia demani, tua tanga la mbele na jaribu tena omo ikiwa kwenye upepo. Likigoma, ilazeni dingi ubavu kwa makusudi. Mtu mwenye jaketi la kuokolea aogelee hadi ncha ya mlingoti alifungue kufuli kwa mkono, mwengine akizuia chombo kisipinduke kabisa. Ila si ndani ya mwamba wa Paje au Jambiani maji yakiwa yametoka. Pale kina hakitoshi, na mlingoti wa mita 8 ukielekea chini utajichomeka kwenye matumbawe. Hapo ni afadhali kwenda mpaka ufukweni tanga likipepea, kulaza chombo mchangani juu ya tairi kuukuu, na kuikagua gololi: ikiwa imebonyea upande, itupe.