Faili la PID: usiiamini namba, shika kufuli

Mdogo wangu unayeandika demoni yako ya kwanza (programu inayofanya kazi chinichini bila kuonekana) kwa lugha ya C, kuna kifaili utakachokiona hakina uzito, nami nakuomba usikidharau. Ni faili la PID: namba ya mchakato, yaani ya programu inayoendeshwa wakati huo, kwa tarakimu za kawaida, kisha mstari mpya, basi. Kwenye Linux mahali pake ni /run, saraka inayoanza tupu kila mashine ikiwaka. Zamani lilikaa /var/run. Anayetaka kuizima demoni husoma namba hiyo, halafu huupelekea mchakato huo SIGTERM, ishara ya kuuomba utoke.

Kazini kwangu kwa mwanzo niliandika demoni ya kukusanya vipimo usiku na mchana. Faili lake la PID nililiweka kwenye saraka ya programu yenyewe, juu ya diski. Siku moja umeme ukakatika, jenereta ikachelewa, seva ikazimika. Iliporudi, faili lilikuwa palepale na namba ya jana. Ila safari hii namba ile kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ilikuwa imeipa hifadhidata. Skripti yangu ya kuwasha ilikuwa na tabia ya kumwondoa kwanza yule wa zamani, kwa hiyo ikaizima hifadhidata saa za kazi. Alasiri nzima niliitumia kutafuta kosa ndani ya hifadhidata, nayo haikuwa na kosa lolote.

Namba za michakato hurudiwa. Kikomo cha kawaida cha Linux kwa miaka mingi kilikuwa 32768, zikifika huko hesabu inarudi chini. Kwenye mashine za biti 64 kinaweza kupandishwa hadi 4194304. Hapo ajali zinapungua, haziishi, kwa sababu kila seva ikiwaka upya hesabu inaanza mwanzo.

Wengi hukimbilia kill(pid, 0), inayouliza tu kama mchakato upo bila kuupiga. Jibu lake ni kwamba yupo mtu mwenye namba hiyo; kama ni demoni yako au la, halisemi. Wengine hulifungua faili kwa O_EXCL, inayokataa kuunda faili ambalo tayari lipo: likiwepo, demoni haiwaki. Demoni ikifa ghafla faili linabaki, na hakuna kinachowaka mpaka mtu aamke usiku kulifuta.

Dawa ni kufuli: alama ambayo kerneli huiweka juu ya faili, na mchakato mmoja tu huweza kuishika. Fungua faili kwa O_RDWR | O_CREAT | O_CLOEXEC, ruhusa 0644, kisha omba kufuli ya kuandika kwa fcntl() na F_SETLK. Ukirudishiwa EAGAIN au EACCES, mwenzako yu hai na anaishikilia: toka kwa adabu. Ukiipata, ndipo ulisafishe faili kwa ftruncate() na uandike namba yako. Usithubutu kuweka O_TRUNC kwenye open(): demoni ya pili ingefuta namba ya ya kwanza kabla hata ya kujua kwamba imechelewa. Baada ya kuandika, usilifunge faili. Mchakato ukifa, hata kwa SIGKILL, ishara isiyozuilika, kerneli inaiachia kufuli yenyewe, na faili lililobaki halimzuii mtu.

Kuna mitego miwili hapa. Kufuli ya fcntl() hairithiwi kupitia fork(), wito unaozaa mchakato mtoto, kwa hiyo aishike mtoto wa mwisho, yule atakayebaki kufanya kazi. Mzazi akiishika kisha akatoka, imepotea. Pili, mchakato huohuo ukilifungua tena faili lile, tuseme kwa ajili ya kuonyesha hali yake, kisha ukalifunga, kufuli yote inaachiwa kimyakimya. Kufuli ya flock(), aina nyingine ya kufuli ya faili, haina tabia hiyo, lakini watoto huirithi, na mtoto aliyesahauliwa anaweza kuendelea kuishika kufuli hata demoni ikiwa imeshakufa. Mimi huchagua fcntl(), kwa sababu F_GETLK inanitajia PID ya mwenye kufuli. Kwa kuzima sihitaji tena kuamini kilichoandikwa. Namba naipata kwa kerneli.

Ukilazimika kusoma faili, usiigeuze maandishi kuwa namba kwa atoi(). Faili likiwa tupu itakupa 0, na kill(0, SIGTERM) hupiga kundi lako zima la michakato. Namba -1 ni mbaya zaidi: hupiga karibu kila mchakato unaoruhusiwa kuupiga. Tumia strtol(), kagua matokeo, kataa chochote kisichozidi 1.

Na ruhusa nazo. Demoni nyingi huita umask(0) zikianza, yaani huondoa kichujio cha ruhusa za mafaili mapya. Ukiunda faili kwa fopen() baada ya hapo, linazaliwa na 0666: mtumiaji yeyote anaandika namba aipendayo, kisha root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, anakuja kuua mchakato wa namba hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Kama demoni yako inawashwa na systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, jiulize kwanza kama unahitaji faili hili. Kwa Type=simple au Type=notify, demoni haijitengi na aliyeiwasha wala haihitaji namba iandikwe popote; kwa kazi mpya ndiyo njia ninayoishauri. Kwa Type=forking, ambapo demoni hujitenga kwa fork(), mzazi asitoke mpaka mtoto aandike PID. Waunganishe kwa pipe(), bomba la kupitisha data kati ya michakato, mzazi asubiri baiti moja kutoka kwa mtoto.

Ukimaliza, iwashe demoni mara mbili kwa pamoja, nakala moja tu ibaki. Kisha iue kwa kill -9 uiwashe tena bila kugusa faili. Isipowaka, rudi kwenye mstari wa open().