Dirisha Jipya Lilivyokula Sifuri za Mkataba

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tabora aliniandikia akilalamika kwamba kila anapofungua programu katika dwm (programu ya kusimamia madirisha kwenye Linux), dirisha jipya huruka na kukaa mahali pakubwa upande wa kushoto, na lile alilokuwa akilifanyia kazi husukumwa kwenye rundo la kulia. Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu jambo hilo hilo liliwahi kuniaibisha mbele ya mteja.

Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi hapa Mwanga, Kigoma. Kompyuta yangu ni ya zamani na haiwezi kubeba mazingira mazito, ndiyo maana nilihamia dwm, ambayo imekuwepo tangu 2006 na huyapanga madirisha yenyewe yakakaa kando kwa kando. Siku hiyo mzee mmoja alileta rasimu ya mkataba wa kuuza kiwanja, imeandikwa kwa kalamu. Nilikuwa nimefungua kivinjari, kikachelewa kama kawaida yake, nami nikarudi kuchapa huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Nilipofika kwenye bei, shilingi 4,500,000, kivinjari kikatokea, kikatwaa nafasi kuu pamoja na kibodi, na sifuri tatu za mwisho zikaangukia humo. Nikakifunga kwa hasira, nikaendelea na sentensi iliyofuata, nikachapisha. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole, akaniuliza: "Mwanangu, kiwanja changu umekiuza kwa bei ya dagaa?" Palisomeka 4,500, na mkato wa pili umebaki ukining'inia.

Nilianza na kiraka (kipande cha msimbo cha kurekebisha programu) kiitwacho attachbottom, ambacho hupeleka dirisha jipya mwisho wa foleni badala ya mwanzo, nikajisifu kuwa nimemaliza. Siku mbili baadaye herufi zikapotea tena, safari hii dirisha jipya likiwa limekaa kwa adabu kule chini kulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dwm ina orodha mbili za madirisha yale yale. Orodha ya clients huamua dirisha likae wapi; ya stack hukumbuka lipi lilitumika mwisho, na la kwanza kati ya yanayoonekana ndilo linalopewa kibodi. Kiraka kile hugusa orodha ya kwanza tu.

Ndani ya manage, sehemu ya msimbo wa dwm inayopokea dirisha jipya, nikafuta mstari unaolitangaza dirisha jipya kuwa ndilo lililochaguliwa. Hakuna kilichobadilika, kwa sababu sehemu nyingine, attachstack, ilikuwa imekwisha kuliweka kichwani mwa orodha ya pili, na agizo la kutoa kibodi, focus(NULL), huchukua lililo kichwani. Dawa ikawa kuliingiza nafasi ya pili katika orodha hiyo, isipokuwa yale madirisha yanayoelea, kama la kuomba nenosiri, ambayo kwa kweli unataka yakukatize. Ni mistari michache ya lugha ya kompyuta ya C, nami naisema kwa fahari, kwani darasa la kompyuta sikuwahi kukalia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usinakili mipangilio ya mtu ambaye hujui anafanya kazi gani. Anayechezea rangi za skrini hapotezi sifuri za mtu. Hifadhi faili zako zote kabla ya kuanzisha dwm upya, maana kikao kikifungwa programu zako nazo hufungwa. Mshale wa kipanya usiuache upande wa kulia, kwa kuwa dwm hulikabidhi kibodi dirisha lililo chini ya mshale, na dirisha jipya likitokea hapo utarudi ulikoanzia. Tena nasema, badilisha jambo moja, ulijaribu siku nzima ya kazi, ndipo uguse jingine.

Mzee yule nilimchapia upya bila malipo, akanishukuru, akaondoka. Tangu siku ile kazi zake huzipeleka duka la ng'ambo ya barabara, wanakotumia kipanya kwa kila kitu, nami humwona akipita bila kugeuza shingo.