Maswali na majibu: Lord Cardigan na cheo cha kununua

Tangu tumtaje hapa Lord Cardigan, ofisa wa Uingereza aliyewaongoza wapanda farasi kuikabili mizinga ya Warusi kule Balaklava, Krimea, barua hazikatiki. Nimechagua chache.

Ni kweli sweta la vifungo vya mbele lina jina lake?
Ndiyo. Nimeulizwa hili vya kutosha.

Alipataje ukamanda naye hajawahi kupigana vita?
Alinunua. Sitii chumvi: enzi hizo, cheo cha ofisa wa wapanda farasi au wa askari wa miguu kiliuzwa hadharani, hadi luteni kanali. Kwenye mizinga na uhandisi hakikuuzwa, maana huko ujinga huonekana siku hiyohiyo. Cardigan aliingia jeshini 1824. Kufikia 1832 alikuwa anaongoza rejimenti nzima. Bei rasmi ilikuwa pauni 6,175, lakini inasemekana yeye alitoa zaidi ya 35,000. Mwaka 1834 akaondolewa, baada ya kumshtaki Kapteni Wathen, ofisa wa rejimenti yake, mbele ya mahakama ya kijeshi na Wathen kushinda. Mngedhani yameisha. Jamaa zake walikuwa na njia ya kumfikia mfalme, na 1836 akapewa rejimenti nyingine. Maofisa waliozeeka vitani India, ambao hawakuwa na fedha, aliwadharau waziwazi. Biashara hiyo ya vyeo ilifutwa 1871. Anayeamini tabia yenyewe ilifutwa pia, atazame waliopandishwa vyeo ofisini kwake.

Na ubunge je, alichaguliwa na wananchi?
Wananchi gani? Mwaka 1818 aliingia kwa kiti cha Marlborough, kilichokuwa mkononi mwa jamaa yake, Lord Ailesbury. Walipokosana 1829 kuhusu haki za Wakatoliki, kiti kikaenda. Akanunua kingine, Fowey. Babake alipofariki 1837 alirithi ukabaila na kuingia Bunge la Makabaila (House of Lords), ambako hata kura haikuhitajika.

Mbona hakunyongwa kwa kumuua Kapteni Tuckett?
Kwa sababu hakumuua. Jamani, someni kwanza! Tuckett alikuwa ofisa wa zamani wa rejimenti yake. Walipigana kwa bastola Wimbledon, Septemba 1840, Tuckett akajeruhiwa. Februari 1841 kesi ya Cardigan ilisikilizwa na makabaila wenzake. Upande wa mashtaka ukashindwa kuthibitisha kwamba Kapteni Tuckett aliyejeruhiwa ndiye huyo Harvey Garnett Phipps Tuckett wa kwenye hati ya mashtaka. Akaachiwa. Maskini aliyeiba kondoo hakuwahi kupata bahati ya namna hiyo.

Balaklava, nani alaumiwe?
Wengi, na Cardigan kwa kiasi kidogo kuliko mnavyotaka. Tarehe 25 Oktoba 1854 Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Uingereza, akiwa juu mlimani, alituma amri ya kuzuia adui asiondoke na mizinga. Aliyoiona yeye haikuonekana bondeni alikokuwa Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi. Kapteni Nolan, aliyeileta amri, alipoulizwa mizinga ipi, alinyoosha mkono kuelekea mwisho wa bonde. Lucan akamwamuru Cardigan, shemeji yake ambaye hawakupatana kabisa. Cardigan alisema wazi kwamba kuna mizinga mbele na kando. Akaambiwa ndiyo amri. Wakaenda watu kama 670. Waliokufa ni kama 110, na farasi wengi zaidi.

Basi alikuwa mwoga?
Hapana. Alitangulia mbele ya wote na akaifikia mizinga. Kesi aliyomfungulia 1863 Calthorpe, ofisa aliyeandika kwamba hakuifikia, aliishindwa, lakini hilo lilithibitika. Kosa lake lilikuja baadaye: aligeuza farasi akarudi bila kujua watu wake wako wapi. Usiku alikuwa akilala kwenye yoti yake bandarini. Watu wake walikuwa wakilala kwenye mahema.