Rekodi za simu, mahakama ya siri na faragha ya raia: maswali yenu

Swali: NSA, shirika la ujasusi la Marekani, haikuwa ikisikiliza maongezi ya Wamarekani, ilichukua rekodi za simu tu. Kelele zote za nini?

Rekodi inaonyesha namba iliyopiga, iliyopigiwa, saa, na dakika walizoongea. Mtu apige simu kliniki ya saratani saa mbili asubuhi, kisha aongee na mama yake dakika 40, jioni amtafute wakili wa mirathi: siri yake umeshaijua bila kusikia neno. Kwa kifungu cha 215 cha Sheria ya Patriot, sheria ya Marekani ya kupambana na ugaidi, rekodi za mamilioni ya watu zilizolewa na kuwekwa miaka 5. Mchambuzi mwenye namba moja ya mshukiwa aliruhusiwa kufuata mnyororo hatua tatu. Tuseme kila mtu huwasiliana na namba 40: hatua ya kwanza ni 40, ya pili 1,600, ya tatu 64,000. Karibu wote hao hawamjui mshukiwa hata kwa sura. Mwaka 2014 hatua zilipunguzwa zikawa mbili. Ni nafuu kubwa, ingawa 1,600 nao si wachache.

Swali: Si ilizuia mashambulizi?

PCLOB, bodi ya serikali yenyewe inayosimamia faragha, iliripoti Januari 2014 kwamba haikuona hata tishio moja dhidi ya Marekani ambalo rekodi hizo zilibadilisha matokeo ya uchunguzi wake. Mwaka uliofuata Bunge likakomesha ukusanyaji wa jumla.

Swali: Mahakama ipo. Kwa nini haitoshi?

Mahakama ya FISA, iliyoundwa na sheria ya upelelezi wa kigeni ya mwaka 1978, hutoa vibali vya upelelezi; ina majaji 11 na hukaa faragha. Ombi huletwa na serikali, na mara nyingi upande wa pili hauna msemaji. Ofisa akiacha jambo linalomsafisha mshukiwa, hakuna wa kulitaja. Kwa hiyo ombi lipimwe hivi: ni nani au namba ipi, kwa sababu gani, kwa muda gani, na data za wasiohusika zitafutwa lini. Likikosa la kwanza, hayo mengine hayaliokoi.

Swali: Na kifungu cha 702 cha sheria hiyo ya FISA?

Kinalenga wageni walio nje ya Marekani. Mmarekani akiwasiliana nao, ujumbe wake hunaswa pia, na FBI ikaweza kuutafuta kwa jina lake bila kibali cha jaji. Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipigia kura pendekezo la kulazimisha kibali: 212 kwa 212, likaanguka kwa sare. Inauma, maana pendekezo lenyewe lilikuwa limeacha nafasi ya dharura, na hofu kwamba kibali kingewachelewesha wapelelezi ilikuwa imeshajibiwa humo humo.